Cheti na Siku Nne za Msiba

Barua pepe ilikuja Jumanne asubuhi, nikiwa nimekaa nakata nyuzi za mikoba kwa sababu msichana wa kukata nyuzi alikuwa anaumwa. Mnunuzi wetu wa Ulaya, yule anayechukua karibu nusu ya mikoba ya vitenge tunayoshona, alikuwa anauliza, kwa adabu zote, kama kampuni yetu ina mpango wa kutafuta cheti cha uwajibikaji kwa jamii na mazingira. Hakulazimisha. Alisema tu kwamba wateja wake siku hizi wanataka kujua nani ameshona, anatendewaje, na mabaki ya vitambaa yanakwenda wapi. Nilisoma mara mbili, nikasonya. Nani ameshona? Sie ndio tumeshona, si tumeandika kwenye lebo? Nikafunga kompyuta, nikarudi kwenye nyuzi zangu.

Niseme mapema kwamba mie nina mdomo. Wanaonifahamu wanajua, na wasionifahamu hawachukui muda mrefu kujua. Nikikasirika nasema, nikishasema imekwisha, sina kinyongo na mtu. Kwa hiyo mtu anayetaka kuja kunikagua utu wangu kwa fomu ya kurasa ishirini na kitu, lazima animeze kwanza.

Kampuni tuliianza mie na mume wangu, sebuleni kwetu Segerea, kwa cherehani mbili. Siku zile ukimwambia mteja ofisi iko Segerea, penye lile gereza, anakuuliza umefungwa miaka mingapi, na mume wangu alikuwa anamjibu kwamba yeye ni wa kifungo cha maisha, amefungiwa na mimi. Tulipopata mzigo mkubwa wa kwanza tukahamia Temeke, kwenye nyumba ya vyumba vinne nyuma ya Tandika, tukabomoa kuta za katikati, tukaiita kiwanda. Yeye alishika wanunuzi na makaratasi. Mie nilishika vitambaa na watu. Miaka minne iliyopita presha ikamchukua, asubuhi moja tu, akiwa anafunga kamba za viatu.

Kuamua mambo peke yangu ndiyo kazi ambayo sijaizoea mpaka leo. Nilikuwaga nasema jambo, yeye anapinga, tunabishana mpaka chai inapoa, na mwisho tunafanya kitu cha tatu ambacho hakuna kati yetu aliyekitaja. Sasa nikisema jambo halipingwi. Nikiingia kiwandani redio inapunguzwa sauti. Nikiuliza rangi gani itoke kwanza, wafanyakazi kumi na wanne wananitazama mdomoni. Jumapili nikitoka kanisani napika wali wa mtu mmoja, na bado unabaki. Nakula nimeangalia televisheni ambayo siisikilizi, namwagilia maua, nafunga geti, na hapo hata saa kumi na moja jioni haijafika.

Binti yetu anafanya kazi Mwanza. Nilipomsimulia kwa simu habari ya cheti, alisema nijaze hiyo fomu, kwani mnunuzi akiondoka nitampata wapi mwingine. Nikamwambia shida si kujaza. Shida ni kwamba wanakuja kuwahoji watu wangu wananionaje. Akaniuliza naogopa nini. Nikamjibu kwa ukali kwamba siogopi chochote, na ilikuwa kweli. Nilichokuwa nacho ni majivuno. Nilikuwa naona hakuna karatasi duniani inayoweza kuniambia mie kuhusu watu wangu, kwa sababu nilikuwa nimeshawaona kwenye msiba.

Msiba wa mume wangu ulikaa siku nne pale Segerea kabla hatujamsafirisha kwenda kumzika kwao mkoani. Watu wangu wa kiwandani walikuja wote, siku zote nne. Walitoa makochi sebuleni, wakatandika magodoro na mikeka, wakafunga turubai uani. Wanawake walimenya viazi, wakachambua mchele, wakapika kwenye yale masufuria makubwa na kuosha vyombo vya watu mia na zaidi. Wanaume walibeba maji na viti. Fundi wangu mkuu, mwanamke niliyemfundisha kushona zipu tangu hajaolewa, alikaa na mie godoro moja. Hakunisemesha maneno mengi. Nikilia ananifuta, nikinyamaza ananiletea uji. Siku mwili ulipoletwa nyumbani kuagwa, ni yeye aliyenishika kiunoni nisianguke. Ndugu zangu wa damu wengine walifika, wakala, wakaondoka, lakini yeye alikaa.

Kwa miaka minne hicho ndicho nilichokuwa nakitegemea. Jumapili ikiwa ndefu, nyumba ikiwa kimya, nilijiambia kwamba mie si mtu wa kuachwa peke yake, nina watu, niliwaona kwa macho yangu. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Ningemwambia nani?

Basi nikakubali cheti, kwa kiburi hicho. Nilimjibu mnunuzi kwamba tunaanza, tena nikaongeza kwamba hatuna la kuficha.

Akaja mshauri, binti wa umri wa mwanangu, mwenye miwani na begi mgongoni. Alinipa shikamoo yake vizuri, nikaitikia, halafu akaanza kufungua kila mlango. Alikuta nyuma ya kiwanda tunachoma mabaki ya vitambaa kila Ijumaa, moshi wote unaingia kwa majirani. Nikamwambia majirani hawajawahi kulalamika. Akaniuliza kama nimewahi kuwauliza. Wiki ile ile tukapata mama mmoja wa Mbagala anayetengeneza mito, akaanza kuyachukua yote kwa magunia, na mie mwenyewe nikashangaa kwa nini tulikuwa tunachoma. Tukatafuta mikataba ya maandishi, kisanduku cha huduma ya kwanza, mlango wa pili wa kutokea. Nilianza kufurahia. Nilikuwa na mtu wa kubishana naye tena, na chai ilikuwa inapoa.

Ndipo akasema imebaki hatua ya mahojiano. Atakaa na wafanyakazi bila mimi, mmoja mmoja na kisha kwa kundi, na mimi nisiwepo hata kwenye jengo. Nikasema sawa. Nikatoka, nikakaa kwenye gari nje ya geti, vioo nimevishusha kwa sababu ya joto. Nilidhani ni nusu saa. Yakawa masaa matatu.

Mwanzoni kulikuwa kimya. Baadaye, nadhani walipokusanyika kwa kundi, nikaanza kusikia wakicheka. Si kucheka kwa kunisikiliza mimi nikitania, kule kwa heshima kunakokatika ghafla. Walikuwa wanacheka mpaka mtu anakohoa. Nikasikia sauti ya fundi mkuu ikisimulia kitu, maneno siyapati, na kila akitulia wenzake wanaangua. Sikujua kwamba ni mchekeshaji. Miaka kumi na tisa nafanya kazi naye, sikujua. Nilinunua soda kwenye duka la jirani, nikainywa ikiwa ya moto, nikiwa nimelitazama lile geti langu mwenyewe.

Siku tatu baadaye mshauri alinisomea muhtasari ofisini, mlango umefungwa. Akaanza na mazuri: mishahara haicheleweshwi, hakuna anayeguswa wala kusumbuliwa, bosi ana maneno makali lakini hayadumu. Hapo nilicheka. Kisha akafika kwenye kipengele cha kazi ya kulazimishwa isiyo na malipo, akashusha sauti.

Wafanyakazi kumi na wawili kati ya kumi na wanne walikuwa wametaja msiba wa mume wangu.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Walisema gari ya kampuni ilipita kuwachukua kila asubuhi. Walisema dereva alikuwa na orodha. Walisema walipika na kuosha vyombo siku nne, na baada ya mazishi likabandikwa tangazo kwamba mzigo umechelewa, hivyo siku zile zitafidiwa kwa kufanya kazi Jumapili tatu.

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwambia maneno mengi yule binti wa watu, mengine nayaonea haya mpaka leo. Nilimuuliza amezaliwa nchi gani asiyejua msiba ni nini. Nilimuuliza kwao mtu akifa wanaandikiana mikataba. Alinisubiri nimalize. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mama, hakuna aliyesema hakumpenda marehemu. Wamesema hawakuweza kukataa."

Akaniambia na jambo la pili. Kwa masharti ya cheti, sina ruhusa ya kumuuliza mfanyakazi yeyote alisema nini. Nikimuuliza hata mmoja, hata kwa utani, yeye atalazimika kusimamisha kila kitu, na maombi yetu yanafia hapo. Nina wiki mbili za kuamua kama naendelea.

Alipoondoka nilifungua kabati la mafaili. Nilikuwa na uhakika tangazo hilo halipo, na kama lipo aliandika mtu mwingine, shemeji labda, kwa sababu mie siku zile nilikuwa sijielewi. Nililikuta. Lilikuwa la mwandiko wangu, kalamu ya bluu, na sahihi yangu chini imenyooka vizuri kama ya mtu mwenye akili zake timamu. Nikakumbuka na orodha. Mie ndiye niliyemwambia dereva apite kwa kila mmoja, asimwache mtu. Wakati ule niliona ni upendo, nisiwape taabu ya usafiri. Kwetu sisi mtu akifiwa hamwiti mtu, watu huja wenyewe. Mie niliwatumia gari na orodha, halafu nikajisifu kwamba wamekuja.

Lakini walikuwa kumi na wawili. Wawili hawakusema. Nikaanza kuishi na hao wawili. Nilikuwa nakata kitambaa nawaza wawili, napanga foleni benki nawaza wawili. Nilijiambia mmoja lazima ni yeye, fundi mkuu. Kumi na tatu wengine waje kwa gari, waje kwa orodha, waje kwa kuogopa kibarua kuota majani, sawa, nimekubali. Ilimradi yeye alikuja kwa sababu alitaka kuja. Sikuhitaji kingine. Mtu mmoja angenitosha.

Na kujua kulikuwa rahisi mno. Ningeachana na cheti, nimwite, nimuulize. Mnunuzi hakuwa ameniwekea bunduki shingoni. Mwaka mmoja, miwili, tungepata wanunuzi wengine. Nilipiga hesabu hiyo kila nilipoamka, na kila siku jibu lilikuwa lile lile: bora nijue.

Jumatatu ya wiki ya pili nilimwita ofisini. Akaja, akasimama mlangoni, mkanda wa kupimia shingoni.

"Ndiyo, bosi."

Nikamwambia akae. Akakaa pembeni ya kiti, kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Nilimtazama yule mwanamke aliyenishika kiunoni mbele ya jeneza, nikaona anavyopitisha kidole kwenye mkanda, sentimita moja baada ya nyingine, huku akisubiri nimwambie amekosea wapi. Maneno yote yalikuwa mdomoni. Nilikuwa nimeyapanga tangu natoka nyumbani Segerea. Na hapo ndipo nikaelewa kwamba hata nikimuuliza, atanijibu kile ninachotaka. Atasema alikuja kwa mapenzi yake. Angesema hivyo hata kama si kweli, kwa sababu mimi ndiye niliyeketi upande huu wa meza. Nisingejua chochote zaidi ya ninachojua sasa, na yeye angetoka pale ameshalazimishwa kudanganya.

Nikamuuliza zipu nyeusi zimebaki ngapi. Akasema zinatosha mpaka mwisho wa mwezi. Nikamwambia haya, asante, aende.

Nililia, sitaki kujifanya. Nililia nimeegemea mafaili, halafu nikanawa uso, nikampigia mshauri nikamwambia tunaendelea. Akaniuliza kama nimeshauriana na mtu. Nikamwambia sina wa kushauriana naye. Akaanza kunieleza hatua zinazofuata.

Ilinibidi niandike sera ya wafanyakazi. Vipengele vingi vilikuwa vya kunakili, yeye alinipa mifano, lakini kimoja nilikiandika mwenyewe na kilinichukua siku nzima. Niliandika kwamba hakuna mfanyakazi atakayeitwa, kuchukuliwa wala kutarajiwa kufika kwenye msiba, harusi au shughuli yoyote ya familia ya mwenye kampuni. Kwamba anayekuja anakuja kwa hiari yake na siku yake ya mapumziko. Na asiyekuja hataulizwa. Nilipomaliza niliisoma kwa sauti ofisini, peke yangu. Nikaona jinsi mtu anavyoweza kujifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe na bado ikawa ni sawa. Zile Jumapili tatu nazo nikazilipa, pamoja na mshahara wa mwezi ule.

Jumamosi niliwakusanya, nikawasomea sera yote. Nilipofika kwenye msiba nilisoma polepole. Niliwaambia kwamba tangazo la zile Jumapili niliandika mimi, na nilikosea, na naomba radhi. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alisema, "Yameisha, mama," kwa sauti ya chini, na wengine wakatazama chini. Kisha wakapanga foleni kutia sahihi, mmoja mmoja, wengine wakisoma kile kipengele tena kwa kidole kabla ya kuandika. Nilikaa naangalia kalamu tu. Sikutaka kutazama uso wa mtu, nisije nikaanza tena kuhesabu nani ni nani.

Fundi mkuu alikuwa wa mwisho. Alitia sahihi, akafunika kalamu, lakini hakuondoka. Wenzake walikuwa wameshaanza kuvua aproni na kuchukua mabegi yao. Alisubiri mpaka watoke.

"Bosi, ile ya misiba nashukuru umeiandika," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Zile siku nne mama yangu alikuwa amelazwa hospitali ya Temeke. Gari ilipokuja nilikuwa namfungia chupa ya uji nimpelekee. Sikujua nikuambieje."

Nilijua mama yake alifariki mwezi ule. Nilijua, kwa sababu niliporudi kutoka kuzika nilikuta kiti chake kitupu, nikaambiwa amefiwa, nikamtuma dereva apeleke bahasha na gunia la mchele. Mie mwenyewe sikwenda. Nilijiona nina msiba wangu. Aliporudi kazini nilimpa pole nikiwa nimesimama mlangoni, na maneno yaliyofuata yalikuwa kumuuliza mzigo utamalizika lini. Hakuniambia kwamba wakati ananinywesha mimi uji, mama yake alikuwa kitandani anamsubiri yeye.

Nikasimama, nikazunguka meza. "Pole, mdogo wangu," nikamwambia. "Pole sana."

"Asante," akasema. "Nimeshapoa."

Nilitaka kumwomba akae, anisimulie mama yake alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anapenda nini, walimzika wapi. Lakini ilikuwa imeshapita saa saba, na Jumamosi saa saba ndiyo mwisho wa kazi, imo kwenye sera niliyowasomea mwenyewe. Akachukua mkoba wake, akaniaga, akawafuata wenzake.